Safu ya Mmiliki

1

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, lango la ndiva ya Mkumba halikufunguka.

Kwa miaka kumi na mmoja lango lile la chuma lilikuwa limejiinua kila alfajiri bila kuguswa na mkono wa mtu. Amri yake ilitoka katika Hazina ya Bonde, mashine iliyoyaweka maji yote ya mto ndani ya majedwali yake, kuanzia chemchemi za milima ya Upare hadi mashamba ya mpunga yaliyo karibu na pwani. Usiku ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na wazee juu ya mashamba, hukusanya maji ya kijito. Asubuhi lango huinuka, na maji hushuka mferejini kwa kaya kumi na mbili ambazo siku ile ni zamu yao. Jumapili ni zamu ya shule na zahanati. Watu wa kijiji cha Mhangwi walikuwa wamekwisha kuizoea sauti ya lango kama walivyoizoea kengele ya kanisa. Asubuhi ile walisimama na majembe mabegani, wakayatazama maji yakijaa hadi ukingoni na kumwagikia korongoni, upande usiokuwa na shamba la mtu yeyote.

Kisanduku cha sauti kilichofungwa pembeni mwa lango kikasema kwa upole: "Mmiliki wa bwawa hili hajathibitishwa kuwa hai. Maji yamesitishwa ili kulinda mali yake, hadi warithi watakapojitokeza."

Watu wakatazamana. Mmiliki aliyeandikwa alikuwa Mkumba mwenyewe, aliyelichimba bwawa lile kwa jembe la mti, akafariki kabla babu za babu zao hawajazaliwa.

Vijana wawili walileta nyundo. Namsifu Mrutu, mjane wa miaka sitini na tisa na msimamizi wa zamu za maji, aliwaamuru waziweke chini. Aliwakumbusha kwamba kijiji cha ng'ambo kiliwahi kulivunja lango lake, na Hazina, kwa kukihesabu kitendo kile kuwa ni wizi, iliufunga mkondo wote wa juu kwa msimu mzima. Kisha akaingia katika shamba la jirani, akashika ua la mharage kati ya vidole viwili, akalisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Akasema zimebaki siku nne. Baada ya hapo maua yataanguka, na kaya sabini na mbili zitakula mbegu zao.

Akavaa viatu vyake vya kanisani, akateremka kwenda Same.

2

Naelijwa, binti wa kaka yake Namsifu, alikuwa mtunza muundo wa bonde la juu katika kituo cha maji cha Same. Kazi yake haikuwa kuandika majina ya watu. Alitunza umbo la majedwali yenyewe: yawe na safu ngapi, kila safu ipokee nini, ipi isiachwe wazi, na jedwali lipi liegemee lipi. Watunza muundo walikuwa watatu tu katika bonde zima, wa juu, wa kati na wa chini, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna safu iliyoweza kuongezwa wala kuondolewa pasipo funguo zote tatu.

Alipomwona shangazi yake mlangoni alisimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mashine yako imemwua Mkumba."

Naelijwa akatabasamu, akamvutia kiti. "Mkumba alifariki zamani, shangazi."

"Sisi tunajua hilo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeiambia mashine kwamba alikuwa hai."

Naelijwa alikigeukia kioo cha kazi, akaufungua mstari wa ndiva ile. Katika safu ya Mmiliki paliandikwa Mkumba wa Mhangwi. Katika safu ya Tarehe ya Kuzaliwa palikuwa na tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao ungemfanya Mkumba awe sasa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mwishoni mwa mstari, katika safu ya Aliyeandika, aliliona jina lake mwenyewe.

Akakumbuka. Alikuwa karani wa miaka ishirini na minne, ametumwa na kishikwambi kuorodhesha maji ya kijiji alichozaliwa. Nyumba kwa nyumba aliuliza mmiliki wa ndiva ni nani, na nyumba kwa nyumba alipewa jibu moja. Watu wale hawakuwa na nia ya kumdanganya. Kwao, swali la mwenye bwawa lilikuwa swali la aliyelichimba, na kumtaja mtu mwingine yeyote kungekuwa utovu wa adabu. Lakini fomu haikukubali kusonga mbele bila tarehe ya kuzaliwa, na haikukubali tarehe ya karne iliyopita wala ya ile iliyoitangulia. Alikuwa amechoka na miguu ilimwuma. Akampa Mkumba umri wa miaka sitini na miwili, fomu ikasonga mbele, naye akashuka mlima akiwa amemaliza kazi.

Uongo ule ulikuwa umekaa kimya miaka kumi na mmoja. Mwaka huu Hazina ilikuwa imefundishwa kulilinganisha kila jina la mmiliki na jedwali la watu walio hai, ili matapeli wasichote maji kwa majina ya marehemu. Mashine ilikuwa imemtafuta Mkumba kila mahali, hospitalini, katika uchaguzi, barabarani, na haikumwona popote.

Namsifu, aliyekuwa akisoma kioo juu ya bega la Naelijwa, aliuona mstari ule mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe," akasema, bila ukali.

3

Mkuu wa kituo, Bwana Hosea Semkiwa, ndiye aliyekuwa pia mtunza muundo wa bonde la kati. Alikuwa mtu wa haki, naye aliwahurumia watu wa Mhangwi. Baada ya kusikiliza habari yote alisema kwamba jambo hili lingeweza kumalizwa kabla ya chakula cha mchana. Kulikuwa na kisanduku kimoja cha kuonyesha siku ambayo mmiliki alionekana mara ya mwisho. Naelijwa akiandika humo tarehe ya jana, Mkumba atakuwa hai kwa mwaka mzima zaidi, na mwakani watatafuta dawa ya kudumu.

"Nilikwisha kumwandikia umri, Bwana Hosea. Sasa nimwandikie na pumzi?"

Hosea hakukasirika. Alitoa shauri la pili, ambalo halikuwa na uongo ndani yake. Bibi huyu aliyeketi hapa ndiye msimamizi wa zamu, na kijiji kizima kinamwamini. Na aandikwe yeye kuwa mmiliki. Ni mtu aliye hai, ana tarehe ya kuzaliwa, na kesho asubuhi lango litamtii.

Namsifu akanyoosha mgongo. Alisema kwamba yeye hana tamaa ya maji ya watu, lakini ikiwa jina lake litayaokoa maharage, na liandikwe.

Naelijwa aliijua safu ile kuliko alivyojua chumba chake cha kulala. Safu ya Mmiliki ilipokea jina moja tu, na aliyeandikwa humo aliweza kuuza, kugawa au kuzuia maji bila kumwuliza mtu. Akifa, jina lililofuata lilisomwa katika jedwali la warithi, bila kijiji kuulizwa neno.

"Shangazi," akasema polepole, "na Elieneza je?"

Elieneza alikuwa mtoto wa pekee wa Namsifu. Alikuwa amekwisha kuuza shamba la baba yake na ng'ombe wa mama yake, naye hakuwa amekanyaga Mhangwi kwa miaka tisa. Namsifu aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya mapaja. Kisha akasema jina lake lisiandikwe.

Hapo Naelijwa akaeleza lililokuwa moyoni mwake. Kosa halikuanza kwake peke yake, ingawa sehemu yake hakuikana. Jedwali lenyewe liliuliza swali ambalo watu wa Mhangwi hawakuwa na jibu lake la kweli. Ndiva haina mmiliki; ina aliyeichimba, na ina wenye zamu. Aliyeichimba ni mmoja, naye aweza kuwa marehemu bila madhara yoyote. Wenye zamu ni wengi, na haki yao haitoki katika kurithi bali katika msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope bwawani, ambayo asiyehudhuria hupoteza zamu yake. Kwa hiyo safu ya Mmiliki iondolewe katika jedwali la mabwawa ya jamii. Mahali pake iwekwe safu ya Mchimbaji, na liundwe jedwali jipya la Zamu, lenye mstari mmoja kwa kila kaya katika kila bwawa.

Hosea alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango. Alimkumbusha kwamba majedwali tisini na matatu yaliegemea safu ile: ya malango, ya matangi ya kunywa, ya hospitali. Lango lisilo na wa kumtii hujifunga. Ndivyo yalivyoundwa yote. Mkono ukiteleza mara moja, watu laki tisa katika bonde zima hawatapata tone.

"Uliandika uongo, na sasa unajuta," akasema. "Hilo ni jema. Lakini angalia usije ukaosha dhamiri yako kwa maji ya watu wengine."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa hakuweza kuapa kwamba halikuwa kweli. Akaomba siku moja ya kufanya jaribio kwenye nakala ya Hazina. Likishindikana, yeye mwenyewe ataiandika tarehe ya jana. Hosea akakubali.

4

Jumanne asubuhi Namsifu aliketi kando ya Naelijwa na kutaja zamu zote kutoka kichwani, kuanzia kaya ya kwanza ya Jumatatu hadi ya mwisho ya Jumamosi. Hakuwa na karatasi. Alitaja na sababu: huyu alibadilishana siku na mkwewe kwa ajili ya ugonjwa, yule alipoteza zamu kwa kukosa msaragambo mara tatu, akarudishiwa alipozoa tope peke yake siku mbili. Naelijwa aliandika. Mistari sabini na miwili ilipojaa, Namsifu aliomba isomwe upya, akasahihisha miwili, akasema kwamba mashine ina mwandiko mzuri ingawa haina akili ya kuuliza.

Saa sita jaribio la kwanza likaanza kwenye nakala. Kwa dakika nne kila kitu kilikwenda. Kisha malango ya matangi ya hospitali ya bonde la chini yakaanza kujifunga moja baada ya jingine, na kioo kikajaa alama nyekundu. Ilikuwa nakala tu, na hakuna mgonjwa aliyeona kiu.

Naelijwa akalitafuta kosa. Alilikuta katika haraka yake mwenyewe. Alikuwa ameing'oa safu ya zamani kabla majedwali yaliyoiegemea hayajapewa mahali pengine pa kushika. Akaanza upya. Safari hii aliiacha safu ya Mmiliki isimame pale pale, akaijenga ya Mchimbaji na lile jedwali la Zamu kando yake, akayahamisha majedwali tisini na matatu moja moja, na kulijaribu kila moja kabla ya kuligusa la pili. Saa tisa na nusu safu ya zamani ilikuwa haishikiliwi na chochote. Akaiondoa, na hakuna lango lililotikisika.

Lakini alipokuwa akitafuta kosa aliona jambo jingine. Mabwawa thelathini na saba ya bonde yalikuwa na wamiliki waliozaliwa tarehe mosi Januari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutibiwa, kupiga kura wala kusafiri. Makarani wengine, katika vijiji vingine, walikuwa wamesimama mbele ya fomu ile ile wakiwa wamechoka kama yeye. Hazina ilikuwa ikilinganisha majina bwawa kwa bwawa. Kabla ya mwezi kwisha ingeyafunga yote.

Alimwonyesha Hosea orodha ile. Hosea aliisoma, akaisoma tena, akakaa chini.

"Ningekushauri uandike uongo mara thelathini na saba," akasema, "na kila mwaka."

Ulibaki ufunguo wa bonde la chini, uliokuwa mikononi mwa Bi. Mwanakombo Shee. Sura yake ilipotokea kwenye kioo alikuwa amekunja uso, kwani Hosea alikuwa amekwisha kumtumia muundo mpya, naye alikuwa ameusoma wote. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Aliuliza swali moja: malango ya matangi yake yakijifunga kwa bahati mbaya, yataweza kufunguliwa kwa mkono?

Naelijwa akamwambia hapana, si kabla ya siku mbili.

"Na aliyeandika mstari wa kwanza wa uongo, huyo wa Mhangwi, ni karani gani?"

"Ni mimi, dada."

Hosea akatazama dirishani. Kisha Mwanakombo alisema kwamba kumi na mawili kati ya mabwawa yale thelathini na saba yalikuwa upande wake, na kwamba naye aliwahi kuwa karani. Hakusema zaidi. Alitoa sharti moja: matangi yote ya kunywa yajazwe kwanza hadi juu, na kazi ifanyike kati ya saa sita na saa tisa mchana, wakati jua ni kali na malango ya mashamba yote hupumzika. Wakikubali, kesho ataugeuza ufunguo wake.

5

Jumatano saa sita kamili funguo mbili zikageuzwa. Hosea alishika wa tatu kwa muda, akauliza kama kuna mtu mwenye neno la mwisho. Namsifu, aliyekuwa amekataa kwenda kupumzika, alisema kwamba maharage ndiyo yenye neno la mwisho. Hosea akageuza.

Majedwali yakahama moja moja, kama katika jaribio. La thelathini, la sitini, la tisini. Saa nane na robo yote yalikuwa yamehama, na ikabaki mistari ya mabwawa yale thelathini na saba, ambayo majina yake yalipaswa kuhamia katika safu ya Mchimbaji. Hapo Hazina ikasimama.

Safu ya Mchimbaji iliruhusu marehemu, lakini ilikataa kumpokea mtu ambaye kwa tarehe yake ya kuzaliwa angepaswa bado kuwa hai, ilhali hana cheti cha kifo. Naelijwa mwenyewe ndiye aliyeweka sharti lile baada ya jaribio, ili pasiwe na mlango mwingine wa udanganyifu. Tarehe ya zamani iliweza kufutwa, lakini kwa maelezo yaliyotiwa saini, nayo maelezo ya kubadili tarehe husomwa na kila mwenye kishikwambi katika bonde zima, milele.

Hosea alisema kwa sauti ya chini kwamba ingetosha kuandika kwamba palitokea hitilafu ya uandishi. Lilikuwa neno la kawaida. Lilitumika kila wiki.

Naelijwa alifikiri juu ya neno lile. Alifikiri pia juu ya sheria ya watunza muundo, isemayo kwamba aliyeandika jambo asilolijua kuwa kweli hunyang'anywa ufunguo kwa mwaka mmoja. Kisha akaandika: *Tarehe hii haikutolewa na mtu yeyote. Niliibuni mimi, Naelijwa Mrutu, karani, ili fomu ikubali. Tarehe ya kweli haijulikani.* Akatia saini. Mstari wa Mkumba ukahama.

Mistari thelathini na sita ilikuwa bado imesimama. Ilipita dakika moja, kisha mbili. Ndipo, kutoka bonde la chini, mstari mmoja ukahama, ukiwa na maelezo chini yake, na jina la Mwanakombo Shee. Ukafuata wa pili na wa tatu. Naelijwa alikuwa amewaarifu makarani wote wa zamani asubuhi ile kwamba maelezo yao yangehitajika, bila kumlazimisha mtu. Wengine walikuwa wastaafu, mmoja alikuwa mchungaji. Majina yao yakaanza kutokea kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, na kila jina lilifungua bwawa lake. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki; wale, Hosea aliwatilia saini yeye, akaandika kwamba ni karani marehemu na kwamba asilaumiwe.

Saa tisa kasoro dakika sita mstari wa mwisho ulihama. Safu ya Mmiliki ikaondolewa, na malango ya bonde yakaendelea kutii.

6

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi lango la ndiva ya Mkumba liliinuka. Kisanduku cha sauti hakikumtaja mmiliki. Kilisema kwamba bwawa hili lilichimbwa na Mkumba, marehemu, kisha kikasoma majina kumi na mawili ya wenye zamu. Majina yale yalikuwa ya Jumatatu, kwa sababu jioni ya jana watu wa Alhamisi walikuwa wamekubaliana kuwapisha waliotangulia kukosa, na Namsifu alikuwa ameyaandika mabadilishano yale kwa kidole chake mwenyewe.

Siku ile ile Mwanakombo aliukabidhi ufunguo wake huko chini, na Hosea akaupokea wa Naelijwa, kama sheria ilivyotaka. Aliuweka katika bahasha, akaandika juu yake tarehe ya kuurudisha, na kumwambia kwamba kiti chake hakitakaliwa na mtu.

Jumamosi baragumu la msaragambo lilipolia, Naelijwa alikuwa kijijini. Alivaa kanga ya shangazi yake na kuingia bwawani pamoja na wengine, tope likimfika magotini. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa ameigusa kazi ile, na watu hawakumwonea haya. Mwanamke mmoja alimwonyesha jinsi ya kushika karai, akamwambia kwamba halishikwi kama kishikwambi. Mzee mmoja alimwuliza kama kweli ana miaka thelathini na mitano, au naye amejibunia. Alicheka pamoja nao, akaendelea kuzoa. Chini ya tope, ukutani, alikuta alama za jembe la mti, bado zimekaa kama zilivyoachwa.

Adhuhuri Namsifu alipita akiwaandika waliohudhuria, kishikwambi akiwa amekinyoosha mbali na macho. Alipofika kwa Naelijwa alifungua mstari mpya, wa sabini na tatu.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Naelijwa akaitaja.

"Ya kweli?"

"Ya kweli, shangazi."

Namsifu akaiandika, akangoja mashine ikubali, nayo ikakubali. "Jumamosi, wa mwisho," akasema. "Ukikosa msaragambo nitakufuta." Akaenda kwa mtu aliyefuata, na Naelijwa akainama kujaza karai lake.